Mkia Upimwe Kwanza

Vijana wa banda la kondoo mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nimestaafu juzi tu, na mkono bado unakwenda nyuma ya sikio kutafuta penseli kila ninapoona mnyama mnene. Nitaanza na swali ambalo kila mfanyakazi mpya huniuliza: kwa nini katika daftari la machinjio safu ya kwanza, kabla ya mwili, kabla ya ngozi na kichwa, ni ya mkia? Miaka yote nilijibu, "Jaza tu." Lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Leo sina haraka, na jibu lenyewe ni habari tamu kuliko zote nilizowahi kuziandika, ingawa nilikuwa mmoja wa waliofanya kosa.

Vyeo na mishahara nitaviacha. Anayetaka kuvijua anajua faili lilipo.

Nilifika Mpwapwa miaka ya mwisho ya Waingereza, nikitokea kwetu Kolo, kwa lori hadi Dodoma, kwa treni hadi Gulwe, na kilichobaki kwa miguu nikiwa na sanduku kichwani. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati na nilijua kuandika tarakimu safi. Hiyo ndiyo sifa iliyonipa kazi. Ofisini picha ya Malkia ilikuwa ukutani, na chini yake alikaa Bwana Mifugo, Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kipimo. Alikuwa na rula ya chuma yenye ncha nyembamba, ndani ya mfuko wa shati, Jumapili na siku za kazi. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko changu, ila hakikuwa na salamu.

"Unajua kupima?" aliniuliza kabla sijaweka sanduku chini.

"Ndiyo, Bwana."

"Hujui. Nenda kwa Ndahani."

Ndahani alikuwa Mgogo wa umri wa baba yangu, mfupi, mwenye masikio yaliyotobolewa, mlishaji wa kondoo wa kituo. Shingoni alivaa ufunguo wa ghala la chakula kwa kamba ya ngozi. Nilimsalimu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi," alijibu, akaongeza salamu ya Kigogo. "Umetoka wapi?"

"Kolo."

"Aa, kule wanakochora wanyama kwenye mawe!" Akawageukia wenzake. "Tumeletewa mtu wa kuchora. Sisi huku tunawafuga, kijana. Njoo, shika mgongo wa huyu."

Nilishika. Kondoo alikuwa mwekundu wa kahawia, kichwa cheusi.

"Unasikia nini?"

"Mifupa."

"Na huyu?"

"Mifupa pia."

"Basi wewe huna vidole, una vijiti." Akauchukua mkono wangu, akaubana juu ya kiuno cha mnyama, nyuma tu ya ubavu wa mwisho. "Bonyeza taratibu. Ncha za mifupa zikikuchoma, huyo ana njaa. Ukizisikia kwa mbali, kama vidole vyako mwenyewe ndani ya blanketi, huyo yuko tayari. Ukizitafuta usizione, amepitiliza."

Somo langu la kwanza lilichukua dakika tano, na hadi leo sijapata kifaa kilichonisaidia zaidi. Jaribuni wenyewe.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Mizani ilikuwa na uso wa mviringo kama saa na mshale mmoja, ikining'inia kwenye boriti. Chini yake tulifunga kipande cha turubai chenye matundu manne ya miguu. Mwanakondoo akiwekwa humo huning'inia kimya, ameshangaa, nawe unasoma ratili zake kabla hajakumbuka kupiga mateke. Siku ya kupima, wanyama walilala bila chakula wala maji. Kondoo akinywa asubuhi anakuwa mzito kwa uongo, na uongo huo ukishaingia daftarini hautoki. Bwana Kipimo alinifundisha hilo mwenyewe, na alinifundisha kwa ukali. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililotaka kumwangamiza Ndahani.

Mwaka wa pili wa kazi yangu lilikuja jaribio kubwa. Wafugaji wa nyanda zile walikuwa wakipeleka kondoo waliokonda kwenye mnada, na wachinjaji wa Dodoma walilalamika kuwa nyama ni nyeusi na ngumu, inakauka kwenye ndoano kabla ya adhuhuri. Bwana Kipimo alitaka kujua mambo mawili: mwanakondoo apewe chakula chenye nguvu kiasi gani, na anenepeshwe kwa muda gani, ili nyama itoke nzuri. Jibu lingetangazwa kwa wafugaji wote wa jimbo.

Tulichukua wanakondoo thelathini na sita, madume waliohasiwa, wa umri mmoja. Tuliwapaka rangi mgongoni hadi juu ya mkia. Weupe walipewa majani makavu na chumvi basi. Wa buluu waliongezewa pumba za mahindi kiasi. Wekundu walipewa majani, pumba nyingi, na mashudu ya karanga, chakula ambacho harufu yake tu ilitufanya sisi wenyewe tumeze mate. Wanne wa kila rangi wangechinjwa baada ya miezi miwili, wanne baada ya mitatu, na wanne wa mwisho baada ya minne.

Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekabidhiwa gazeti zima aliandike peke yake. Kila Jumatatu nilisimama chini ya mizani, na kila Jumatatu mshale wa wekundu ulipanda. Nilianza kubahatisha uzito kabla ya kusoma. Ndahani naye alibahatisha kwa vidole vyake, na mara nyingi alinishinda.

"Karani, huyu ameongeza ratili mbili."

"Moja, mzee."

Mshale ukatulia. Mbili.

"Tupa hiyo mizani," alisema, "mniajiri mimi mara mbili."

Jambo moja Ndahani hakulifanya kamwe: kukanyaga banda la kuchinjia. Siku ya kuchinja aliwaleta wanakondoo hadi kwenye lango, akawakabidhi, akageuka. "Nimewalisha kwa mkono huu," alisema. "Siwezi kwenda kuwatazama wakichunwa." Tulimcheka. Hakuna aliyefikiri kwamba hilo lingekuwa na maana baadaye.

Banda la kuchinjia lilikuwa milki ya Mzee Mfaume, Mwislamu wa Mpwapwa mjini, ambaye wazee wake walikuja na misafara ya zamani wakabaki. Alikuwa na visu vitatu na maneno mengi. Mara ya kwanza alipoona nimeandika "mzoga" daftarini alinipokonya penseli.

"Mzoga ni mnyama aliyekufa mwenyewe! Mimi nimechinja, nimesoma bismillahi, wewe unaandika mzoga? Unataka watu wasile?"

"Niandike nini, mzee?"

"Andika mwili."

Niliandika mwili, na mpaka nastaafu niliandika hivyo.

Mfaume ndiye aliyenifundisha kutazama nyama. Mafuta yawe meupe na yakauke yakipoa, yasiteleze. Nyama iwe na rangi ya damu mbichi, isiwe kama ini. Sarara, ile nyama laini ya mgongo, ijae kwenye kiganja. Kazi yake ilikuwa safi na ya haraka, na kila alipomaliza kuchinja, kabla hata ya kuchuna, alikata mkia na kuutundika kwenye msumari ukutani.

Mnajua kondoo wetu. Mkia wake si kamba, ni mfuko wa mafuta. Katika banda lile mkia ulikuwa haki ya kisu, na sijui desturi hiyo ilianza lini. Mchinjaji alichukua mingi, mchunaji akapewa yake, mbeba maji yake, na karani wa mizani, maana naye alisimama juani, alipewa miwili. Mafuta ya matumbo yalikwenda na mikia. Bwana Kipimo alikuja saa tatu asubuhi, baada ya chai yake, akakuta miili imeshaoshwa na kutundikwa. Hakuuliza mikia iko wapi. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko kwao kondoo hukatwa mkia akiwa mchanga. Tangu azaliwe alikuwa akiona miili ya kondoo isiyo na mikia, na hivyo hakuona kilichopungua.

Duru ya kwanza ilipita, naye akakunja uso kidogo. Duru ya pili, mwezi mmoja baadaye, hakukunja uso. Alikuja na karatasi mkononi moja kwa moja zizini, nami nyuma yake.

"Ndahani. Wekundu wana uzito kwenye turubai. Kwenye ndoano hawana. Wamewazidi wa buluu kidogo mno. Uzito umekwenda wapi?"

"Bwana, wakiwa kwangu wana uzito. Wakienda kule kwenye visu siendi nao."

"Kondoo aliyeshiba mashudu miezi mitatu hawezi kutoa mwili wa namna hii. Hajala mashudu. Amepewa chumvi na maji asubuhi ya kupimwa, ili mimi nione mshale umepanda. Pumba na mashudu yamekwenda kwingine."

Ndahani alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha nyingine. Kisha akaelewa.

"Unasema mimi mwizi?"

"Nasema hesabu haikubali."

"Nyumbani kwangu watoto wanakula mlenda, na uwele siku ukipatikana. Twende sasa hivi ukaonje."

"Ufunguo."

Mnapaswa kujua mwaka huo ulikuwa wa namna gani. Mvua ilikuwa imekatika mapema, na watu walikuwa wakitafuta mizizi porini. Ghala letu la pumba lilitazamwa na macho mengi. Kulinda chakula cha wanyama watu wakiwa na njaa ilikuwa kazi ngumu kuliko zote kituoni, na Ndahani aliifanya bila kuwapa hata ndugu zake konzi moja. Sasa aliambiwa aliiba. Bwana Kipimo alisema duru ya mwisho ikitoka vilevile atafukuzwa na kupelekwa barazani kushtakiwa. Akampa ufagio, afagie zizi kwa wiki nne zilizobaki.

Ndahani alivua kamba. Tangu siku hiyo nilimwona mara nyingi akipeleka mkono kifuani, akipapasa palipokuwa na ufunguo, akiurudisha.

"We karani," aliniambia, "wewe ndiye uliyesoma mshale. Nimewapa chumvi?"

"Hapana, mzee. Nilikuwepo alfajiri zote."

"Kamwambie."

Nilimwambia. Bwana Kipimo alisema, "Basi eleza." Sikuweza kueleza. Ufunguo alinipa mimi, nami nikalisha wekundu kwa mikono yangu siku kumi, nikipima kila ratili ya pumba kama dawa. Waliendelea kunenepa vilevile. Kama kulikuwa na mwizi, sasa alikuwa mimi. Niliyarudia magunia, nikachungulia sakafu ya ghala kama kuna panya wakubwa, nikakagua ndoo. Hakuna.

Jumapili moja mchana nilikuwa nimekaa mlangoni, nimefungua daftari magotini, nikijumlisha kwa mara ya mia. Mke wangu Halima alikuwa ndani akipanga rafu.

"Mwambie Mzee Mfaume," alisema, "safari ijayo akupe mikia ya wekundu tu. Ile myeupe nimechoka nayo."

"Imefanya nini?"

"Haina kitu. Nimeyeyusha ule mweupe, nimepata vijiko viwili na moshi. Ule mwekundu umejaza kopo zima la maziwa ukabaki."

Niliinua kichwa. "Umejuaje upi mwekundu?"

"Si manyoya yana rangi yenu! Mikono yangu ilikuwa kama nimepaka hina."

Nikasimama. Daftari likaanguka. "Na ile ya mwezi uliopita? Ulinyeyusha pia?"

"Ulinyeyusha" nilisema, vijana, sikuweza hata kutamka vizuri. Halima alinicheka kwanza, kisha akaona uso wangu akajibu kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama shahidi: mweupe wa mwezi uliopita na mweupe wa safari hii sawasawa, vijiko. Mwekundu wa mwezi uliopita, nusu kopo. Mwekundu wa safari hii, kopo na zaidi.

Jaribio zima la Bwana Kipimo lilikuwa kwenye rafu ya mke wangu! Chakula chenye nguvu na muda, vyote viwili, ndani ya makopo. Uzito haukuibiwa. Ulikuwa umehamia nyuma ya mnyama, nasi tuliukata kila mara kabla ya kupima na kuugawana. Na mimi, karani niliyekabidhiwa kweli ya jambo, nilikuwa nimeikaangia mboga.

Nilikwenda kwa Mfaume nikikimbia. Alikuwa barazani kwake akinoa kisu.

"Mzee, duru ijayo usikate mikia."

"Umepigwa na jua?"

Nikamweleza. Alinoa, akanoa.

"Mkia ni wa kisu," alisema. "Baba yangu alichukua, na aliyemfundisha baba yangu alichukua. Mzungu akijua mkia una uzito atauandika. Akiuandika ni wa serikali. Nitakula nini, karatasi?"

"Ndahani atafungwa."

"Kwa mikia yangu?"

"Kwa mikia yetu. Na mimi nimekula miwili kila mara."

Kisu kikasimama juu ya jiwe. Nadhani hakuwa amefikiri kwamba Ndahani alikuwa akilipia kitu kilichoning'inia kwenye msumari wake.

"Hayo ya mikia," alisema hatimaye, "utamwambia wewe. Mimi nitachinja tu. Lakini mwambie nilichukua kwa haki, sikuiba."

Asubuhi nilisimama chini ya picha ya Malkia na makopo mawili ya mafuta. Nilisema yote, pamoja na ya kwangu. Bwana Kipimo alichovya kidole, akanusa, akafuta kwa leso.

"Wanyama wa jaribio. Umekula wanyama wa jaribio."

"Mikia, Bwana."

"Kwa nini hukuniambia kuna mikia?"

Nilifikiri jibu la heshima, nikalikosa. "Bwana, nilidhani unaiona. Inatembea nao kila siku."

Alinitazama muda mrefu. Nilijua kazi imeisha. Kisha akatoa rula yake, akaigonga mezani mara mbili.

"Kopo si mizani," alisema. "Tutapima."

Duru ya mwisho ikafika. Sijawahi kuwa na asubuhi kama ile. Banda lilijaa: wachunaji, wabeba maji, wafagizi, hata mpishi wa nyumba ya wageni alikuja na aproni yake. Bwana Kipimo alifika kabla ya jua, bila chai. Ndahani aliwaleta wanakondoo hadi langoni kama kawaida, akawakabidhi, akageuka.

"Mzee," nilimwita, "ingia. Leo ingia."

Alisimama. Wekundu wanne walimtazama. Akaegemeza ufagio ukutani, akaingia, akasimama karibu na mizani akiwa ameinamisha macho.

Mfaume alichinja. Kila mkia ulipokatwa aliubeba kwa mikono miwili, akapita kando ya msumari wake bila kuutazama, akaniletea. Weupe kwanza. Mshale ulitikisika tu, ukalala. Wa buluu, mshale ulijinyanyua, ukakaa. Kisha mwekundu wa kwanza. Niliuweka, nikaondoa mkono, na mshale ukaruka! Watu walitoa sauti kama mpira umeingia golini.

"Soma," alisema Bwana Kipimo.

Nilisoma. Akasogea, akasoma mwenyewe. Wa pili ulizidi wa kwanza. Tulipima mafuta ya figo na ya matumbo pia, na kwa wekundu figo zilikuwa zimefunikwa kabisa, unazitafuta kwa kidole kama mbegu ndani ya tunda. Mchunaji mmoja alisema, "Ndahani, umewalisha hawa au umewajaza kwa faneli?" Ndahani hakucheka. Alikuwa ameinua macho na anautazama mshale.

Hesabu ya Bwana Kipimo ilitaka uzito wa mwili uliopoa, kwa hiyo hukumu ilingoja kesho yake. Alifunga banda, akaweka ufunguo wa banda mfukoni pamoja na rula.

Asubuhi iliyofuata alikuwepo pia Bwana Jamali, mfanyabiashara Mhindi kutoka Dodoma, mwenye bucha iliyouzia hoteli na treni, aliyealikwa kila duru kuja kuchagua nyama. Bwana Kipimo alikata kila mwili nyuma ya ubavu wa mwisho, akachomeka rula yake kwenye mafuta. Jamali alizunguka na fimbo yake.

"Hii nyeupe hapana, bwana. Nyama nyeusi, kavu, mteja atanirudishia usoni. Hii nyekundu..." Alibonyeza mgongo. "Nzuri, laini, lakini mafuta mengi sana. Mteja wa hoteli anakata mafuta anaacha kwenye sahani, halafu ananilaumu mimi. Nipe hii." Alisimama mbele ya wa buluu. Mafuta yalikuwa yamewafunika kama shuka jepesi, sarara imejaa.

"Na wekundu wa duru ya pili ungewachukua?" aliuliza Bwana Kipimo.

"Wale niliowaona mwezi uliopita? Ndiyo! Wale walikuwa wazuri. Hawa wamekaa mno."

"Mkia je?"

"Mkia mimi siuzi. Mkia waulize akina mama wa Mpwapwa."

Kutoka nyuma Mfaume alisema, "Wameshaulizwa," na banda zima likacheka, na mimi nikatazama chini.

Basi hilo ndilo jibu la jaribio, na mmekuwa mkilifundisha bila kujua lilitoka wapi: majani matupu hayatengenezi nyama, hata ungoje miezi minne. Pumba kiasi na subira vinatengeneza. Chakula chenye nguvu sana kinatengeneza haraka, lakini ukikiendeleza, kondoo wetu anaacha kujenga nyama na kuanza kuweka akiba, mkiani na kwenye figo. Aliyezaliwa nchi yenye ukame kama ule anajua akiba ni kitu gani.

Lakini siku hiyo sikuwa nikifikiria jibu la jaribio. Nilikuwa namtazama Bwana Kipimo akijumlisha. Alijumlisha miili, akaongeza mikia, akaongeza mafuta ya ndani. Akagawa. Akarudia kugawa. Halafu alifuta jasho, ingawa kulikuwa na baridi.

"Hesabu inakubali," alisema.

Akatembea hadi kwa Ndahani, akasimama mbele yake. Nilimwona akitafuta neno ambalo Kiswahili chake chote hakikumpa. Mwishowe akasema, "Shikamoo."

Tulishtuka. Mwingereza wa cheo chake, kwa mfagiaji wa zizi. Ndahani alimwacha angoje kidogo.

"Marahaba," alisema.

Bwana Kipimo akaninyooshea mkono, nikampa ufunguo wa ghala na kamba yake ya ngozi, naye akamkabidhi Ndahani. Ndahani hakuuvaa. Aliushika mkononi, akanigeukia mimi.

"Karani. Umeandika wapi?"

Nilimwonyesha. Daftari halikuwa na safu ya mikia, kwa hiyo usiku wa kuamkia duru ile nilikuwa nimepiga mstari mpya pembeni kabisa kushoto, kabla ya safu zote, mahali pekee palipobaki nafasi. Hakujua kusoma. Aliweka kidole chake kwenye tarakimu ya kwanza ya wekundu, kidole kilekile kilichonifundisha kushika mgongo.

"Soma."

Nilisoma zote nne, kwa sauti, banda zima likisikia.

"Soma tena."

Nikasoma tena, taratibu zaidi. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila moja kama anayeitikia majina ya watu anaowafahamu. Nilipomaliza, akavaa ufunguo, akaupigapiga kifuani mara moja, akauliza saa ngapi. Nikamwambia.

"Basi nimechelewa," alisema. "Walio zizini hawajala."